Shahidi Mmoja Alitosha Kunizika

Nina umri wa miaka arobaini na minne, naishi Thamesmead, London, na kaburi langu liko Bungoma. Msidhani nafanya mzaha, wasomaji wenzangu... Jina langu limeandikwa kwenye msalaba wa mbao. Hapa sitalitaja.

Shule niliacha kidato cha pili. Si kwa ujinga, ni miguu tu haikukubali kutulia. Nilipakia mizigo Mombasa, nikapika Kampala, nikalinda maghala Doha, mwishowe nikafika Uingereza. Nyumbani nilimwacha mke wangu wa ndoa ya kanisani, nitamwita Nekesa. Nilimwahidi mwaka mmoja. Mwaka ukawa mitatu, simu zikapungua, nikabadilisha namba... Aibu ilinifunga mdomo miaka tisa!

Kazi niliyopata ni ya kutunza jengo la chuo kikuu: kufungua vyumba, kupanga viti, kuwasha projekta. Chumba kimoja kilinivuta. Kila Jumatano mchana walisoma sheria ya Kiyahudi pamoja na historia na fasihi, wanafunzi wa idara mbalimbali meza moja, wakibishana kama wako sokoni. Mwalimu wao, mama wa makamo, alinikuta nasikiliza.

"Ingia," aliniambia. "Usiushikilie mlango, hautaanguka."

Tangu siku hiyo nikawa na kiti changu nyuma. Furaha niliyokuwa nayo!

Jumatano moja alifundisha juu ya mke aliyefungwa. Kwa Wayahudi, alisema, mume ndiye anayetoa hati ya talaka. Akipotea bila kuitoa, na haijulikani kama amekufa, mke hawezi kuolewa tena hata aote mvi. Si mjane, na mume hana. Nani alimweleza habari za Nekesa?

Akaendelea. Wazee wao wa sheria waliwahurumia wanawake hao. Mambo mengine mazito yalidai mashahidi wawili, lakini kuthibitisha kifo cha mume aliyepotea, walikubali hata shahidi mmoja.

Hapo redio yangu ya kazini ikalia. Bomba limepasuka ghorofa ya tatu! Nikaondoka na nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo iliyoniangamiza.

Nilimwendea Wafula, rafiki yangu wa kwetu anayehudumia wazee kule Barking. Nilimwomba apige simu nyumbani aseme nimekufa, nimeshazikwa huku. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Wewe jamaa, unataka nikuue kwa simu? Si umpigie Nekesa mwenyewe, umwambie aendelee na maisha yake?"

"Nitaanzaje, baada ya miaka tisa?"

"Anza na pole! Kwani pole ni ngumu kuliko kufa?"

Kwangu ilikuwa ngumu. Nilimsihi wiki mbili. Akapiga.

Nikajiona mwema, nimemfungua mke wangu! Mama sikumkumbuka kabisa.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa gogo la mgomba badala yake. Wafula alinieleza yote. Mama alilivika gogo lile shati langu la kanisani. Alilikumbatia hadi wajomba wakamtoa kwa nguvu. Baada ya hapo hakula vizuri tena. Kila jioni aliketi kando ya kaburi akizungumza na mgomba... na mimi niko hai, nafuta ubao London!

Nekesa aliolewa kanisani na mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu mpole. Nikajiambia, angalau hilo.

Mwaka uliofuata somo lilirudiwa kwa wanafunzi wapya. Safari hii hakuna bomba lililopasuka. Mwalimu akauliza: je, mume aliyevuka bahari akirudi mzima, na mke ameshaolewa? Sheria yao ya kale, alisema, ilikuwa kali. Mke ataachana na wanaume wote wawili.

Wote wawili!

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Kwani huyo mume alishindwa kuandika barua tu?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa nimebeba kiti, nikakosa pa kukitua.

Sisi si Wayahudi, najua. Lakini ndoa ya Nekesa imesimama juu ya kifo changu. Nikijitokeza leo, kanisa litamwuliza yeye ni mke wa nani. Nitamfunga mara ya pili?

Mama alifariki mwaka huu. Mazishi yalirushwa mtandaoni, nikayatazama kwenye simu, nimejificha stoo ya viti. Aliyesoma wasifu alitaja watoto wake mmoja mmoja. Alipofika kwangu, akasema "marehemu." Walimzika ubavuni pangu. Nekesa aliweka shada kwa mama, kisha akachomoa ua moja akaliweka kwenye msalaba wangu...

Nilitaka kupiga kelele: Nekesa, niko hapa! Chini ya picha watu walikuwa wakiandika rambirambi. Pole. Pole. Pole. Nikaliandika na mimi neno lile, kwa jina la bandia. Likapanda na mengine, likapotea.

Ndugu zangu mlio mbali, kama kuna mtu anakungoja, mpigie leo, hata kama huna la kujivunia. Akutukane, alie, akukatie simu. Usimtume shahidi wakati mdomo unao. Wangu bado ninao... na nyumbani hakuna tena ninayeweza kumwita bila kumfunga Nekesa upya.