Tisa ya Adabu

Haya yalimpata Mbodze, mpangaji wa ghorofani katika nyumba moja ya mtaa wa Kuze, na aliyenihadithia ni Bi Mejumaa, mwenye nyumba hiyo, mtu asiyejua kupamba maneno hata umbembeleze.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mbodze alirudi kutoka sokoni Marikiti adhuhuri na ndimu zilizombakia, akamkuta binti yake, Purity, ngazini anaimba nyimbo za kwaya, sauti imejaa nyumba nzima, na Bi Mejumaa chini anamtania kwamba akipasua vikombe atavilipa. Wakala wali na samaki. Kisha, kama alivyofanya kila siku tangu msiba, Mbodze akaketi mbele ya simu ya upepo ya mumewe, ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, na kuiwasha.

Mumewe, Jared, alikuwa fundi kwenye boti ya kupeleka mabaharia hadi kwenye meli zinazosubiri nje ya bandari ya Kilindini. Boti ilipinduka. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana, ila kiatu chake kimoja. Alichoacha ni huo mtambo aliouchezea jioni zote, waya wake ukipita dirishani hadi juu ya paa. Alikuwa akizungumza na wapenzi wenzake wa mitambo hiyo, wa Unguja, wa Maskati, wa miji ambayo Mbodze hakuweza hata kuitamka. Na watu hao, kabla ya kujuliana hali, huulizana kwanza: unanipataje? Jibu ni tarakimu mbili. Ya kwanza ni jinsi sauti inavyoeleweka, mwisho wake tano. Ya pili ni nguvu ya mawimbi, mwisho wake tisa, nayo haikisiwi kwa sikio. Husomwa kwenye mshale mdogo ulio usoni mwa mtambo.

Wengi hawajisumbui kuusoma. Humgawia kila mtu tano-tisa kwa heshima tu, kama sisi tunavyojibu "salama" na huku jino linatuuma. Jared hakulipenda hilo hata kidogo.

"Hiyo ni tisa ya adabu," alimwambia mkewe alipokuwa akimfundisha. "Soma mshale, Mama Purity. Ukimwambia mtu yuko karibu na kumbe yuko mbali, umempoteza."

Basi Jumamosi hiyo, katikati ya mkwaruzo, mtu akakohoa kidogo. Halafu akasema taratibu, "Unanipataje, Mama Purity?"

Ilikuwa sauti yake. Hata hicho kikohozi cha kabla ya neno kilikuwa chake. Mbodze alishika maiki kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akautazama mshale. Ulikuwa umelala kwenye sifuri. Haukutikisika, kana kwamba hakuna aliyesema.

Alijua la kujibu, alifundishwa. Lakini aliogopa kwamba akisema sifuri Jared atakata tamaa na kunyamaza, na safari hii ni kunyamaza kwa mwisho. Mimi simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema vilevile.

"Tano-tisa," alinong'ona. "Nakupata tano-tisa, Baba Purity."

Mshale ukapanda hadi moja.

Tangu hapo hakwenda tena Marikiti. Ndimu zikamwozea kapuni. Kila alasiri sauti ilikohoa, ikauliza, naye akajibu tisa, na mshale ukapanda kidogo. Akimuuliza yuko wapi, hajibu. Akimwambia mtoto anamlilia, hajibu. Anachotaka ni kujua anapatikanaje. Mbodze aliona hilo, likamchoma, na bado alijibu. Alimtaka mumewe, basi, na hakuna aliyempa njia nyingine ya kumpata.

Siku moja Bi Mejumaa alipanda ngazi, akasimama mlangoni.

"Mbodze, mwanangu, huyu mtoto ana nini? Simsikii tena."

"Ni koo, Bi. Zahanati wamempa dawa."

"Koo gani lisilo homa? Leo kaniamkia, namuona mdomo wamwenda, sauti siisikii."

Alipokwisha kushuka, Mbodze alimwita binti yake na kumwinamia. Ikambidi atie sikio mdomoni mwa mtoto.

"Mama," Purity alisema, "ukiongea na baba, mimi naishiwa."

Mbodze akazima mtambo palepale.

Kikohozi kikatoka mle mle. "Unanipataje, Mama Purity?"

Sauti ilikuwa safi sasa, na ndani yake mlikuwa na uimbaji wa mtoto. Mshale ulikuwa kwenye nane. Mbodze akachomoa waya wa paani. Nane. Akachomoa umeme, taa ndogo ya mtambo ikafa. Nane.

Ngazini pakawa na hatua. Mguu wenye kiatu. Mguu mtupu. Mguu wenye kiatu. Zikakoma nje ya mlango.

"Nimefika," sauti ilisema. "Sema tisa, niingie."

Alikuwa hapo. Ubao wa mlango tu ndio uliowatenga. Purity alimshika mama yake kanga, akafungua mdomo kulia, na hakikutoka kitu.

"Sikupati," Mbodze alisema.

"Soma mshale, Mama Purity."

"Sifuri."

"Nilikufundisha. Soma mshale."

Aliusoma. Nane, wazi kabisa, mbele ya macho yake. Na huku analia hata haoni tena, akamkumbatia mtoto na kusema, "Sifuri, Baba Purity. Sikupati. Hakuna mtu."



Mguu mtupu ukashuka ngazi. Ukafuata wenye kiatu. Hatua zikashuka polepole sana, kama mtu anayetarajia kuitwa. Mbodze alijiziba mdomo kwa kiganja asije akaita. Mshale ulikuwa ukiteremka pamoja nazo, na ulipolala, Purity alisema "Mama" kwa sauti iliyosikika hadi barazani.

Mtambo sasa uko stoo kwa Bi Mejumaa, hauna umeme, hauna waya. Alinipeleka niuone mwenyewe. Nikauona: chuma chenye vumbi, mshale umelala. Nilikuwa nageuka kuondoka Purity aliporudi kutoka shule, akapanda ngazi akiimba. Bi Mejumaa akanishika mkono.

Mshale ukapanda hadi nane, ukakaa hapo.

Kule juu ubeti ukaisha. Mtoto akakohoa kidogo, kisha akaanza ubeti mwingine.