Viatu vya Bwana Mawimbi

Maiti ilikuwa imelala chali, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Na kwa sifa alizokuwa nazo marehemu, hakuwa mtu wa kukatizwa kirahisi.

"Ndiye," Sajenti alinong'ona. "Bwana Mawimbi mwenyewe! Afande, huyu ndiye yule..."

"Namjua," Inspekta alimkata. "Mume wangu anamsikiliza yeye kuliko anavyonisikiliza mimi."

Nani asingemjua? Alijipatia jina kwa kuwafundisha watu kustarehe kwenye meli za kitalii. Kama tumbo lako jepesi, chukua chumba cha katikati ya meli, tena cha chini. Siku ya kwanza usile kama uliyetoka kifungoni. Ukishuka kutembea mjini rudi mapema, meli haina mjomba wa kumsubiri. Kila safari kampuni ilimpandisha awahutubie abiria ukumbini. Sasa meli ilikuwa imefunga gati, safari imekwisha, na yeye yuko kitandani na nguo za kulalia za mistari, macho yamejaa vidoa vyekundu.

"Amezibwa pumzi," alisema daktari wa polisi akivua glovu. "Mdomo umechanika kwa ndani, kwa meno yake mwenyewe. Amekufa jana, kabla ya chakula cha jioni. Mengine baada ya uchunguzi wa maiti."

"Amezibwa na nini?"

"Mto, kwa kawaida."

"Mto upi?"

Daktari akakitazama kitanda. Kilikuwa kitanda cha watu wawili chenye mto mmoja, nao ulikuwa chini ya kichwa cha marehemu, safi, hauna hata tone.

Mlango haukuvunjwa. Kwenye kitasa kilining'inia kibao cha kuomba mtu asisumbuliwe. Mhudumu wa vyumba alikipuuza asubuhi hiyo kwa sababu kila abiria alitakiwa awe ameshatoka.

Nahodha aliingia bila hodi, kofia kwapani.

"Inspekta, abiria wamejaa kwenye ngazi ya kushukia, wananitukana hadi mama yangu. Wana ndege za kuwahi. Unaniachia saa ngapi?"

"Nikimpata muuaji."

"Muuaji unaye. Ni mkewe. Meli nzima imesikia walivyovuana nguo kwa maneno jana."

"Mimi sijakufundisha kuegesha meli," Inspekta alisema. "Nenda kawape chai."

Mke wa marehemu alikuwa chumba cha pili, mlango kwa mlango. Amevaa gauni la safari na viatu vya kamba, mkoba mapajani. Hakuwa na chozi hata la kuazima.

"Mbona mlilala vyumba tofauti?"

"Anakoroma."

"Jana mligombana."

"Jana, juzi, na siku nyingine zote. Unataka ugomvi upi?"

"Wa jana."

"Nilimwambia hii ni safari yangu ya mwisho naye. Akasema bila yeye mimi si kitu. Nikamwambia tutaona."

"'Tutaona.' Maneno matamu hayo kumwambia mtu aliyekufa jioni hiyohiyo."

"Ni maneno ya mke yeyote. Wewe umeolewa?"

"Ninayeuliza ni mimi. Ufunguo wa chumba chake unao?"

"Ninao."

"Na usiku kucha hukwenda kumwangalia?"

"Niliona masanduku yake yametolewa nje na kibao kimetundikwa. Nikajua amelala na kisirani chake. Nikamwacha nacho."

"Hata husikitiki?"

"Nitasikitika nikifika nyumbani. Hapa nimezungukwa na watu wabaya."

Sajenti alishazitoa pingu. "Afande, ufunguo anao, sababu anayo, na mdomo huo anao. Tunangoja nini?"

Inspekta aliitikia kwa kichwa, ingawa roho haikutulia. Pingu zikalia. Mwanamke akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Wale wakishuka," alisema, akionyesha upande wa ngazi ya kushukia kwa kidevu, "aliyemuua atashuka nao, kila mtu na nchi yake, na mimi nitaozea ndani. Unalijua hilo?"

Inspekta alilijua. Ndilo lililokuwa likimkera.

Kelele zikasikika kwenye ujia. Mwanamume kipande cha mtu aliwapenya askari wawili na kusimama mlangoni. Alivaa koti juu ya suruali ya kulalia, na miguuni ndara nyeupe za bafuni zenye nembo ya meli.

"Mwacheni mdogo wangu!"

"Wewe nani?"

"Kaka yake. Kinyozi. Uliza kwetu utaambiwa."

"Humu si kwenu. Umezoea meli hizi?"

"Ndiyo mara ya kwanza, na ya mwisho. Mdogo wangu huyu ndiye aliyenivuta."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikula naye."

"Kabla ya kula?"

"Chumbani kwangu. Nafungasha."

"Shemeji yako ulimpenda?"

"Anayemjua hampendi. Wanaompenda ni wale wanaomsikia kwa mbali."

"Na mavazi haya?"

"Askari wako kanigongea mlango kama anafukuza mwizi. Ulitaka nije na tai?"

"Kaa pale ujiani. Usiondoke."

Inspekta alirudi kwa marehemu. Alifungua kabati na kukuta vitundikio vitupu. Akachungulia chini ya kitanda, kisha bafuni. Hata mswaki haukuwepo.

"Sajenti, huyu alitaka kushuka na nini?"

"Afande?"

"Nguo. Soksi. Viatu."

"Si vimo kwenye masanduku? Yalichukuliwa jana jioni na ya abiria wote. Yako forodhani."

"Vyote?"

"Labda alisahau."

Inspekta aliwasha televisheni ya ukutani. Mumewe alishamwambia, bila kuulizwa, kwamba hotuba za ukumbini hurudiwa vyumbani siku nzima. Naam, Bwana Mawimbi akajitokeza pale, tumbo mbele, kipaza sauti mdomoni, mzima wa afya. Kitandani yuko, ukutani yuko. Sajenti alijisogeza karibu na mlango.

"...na daktari wa meli, ndugu zangu, msimkimbilie kwa kila kikohozi! Akikuona mgonjwa anakushusha bandari ya kwanza, starehe imekwisha. Kifua kinabana? Meza kidonge cha gesi, lala, asubuhi utacheza muziki."

Ukumbi ulicheka. Safu ya tatu mtu mmoja akasimama na kutoka, akigonga magoti ya watu bila kuomba radhi.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Leo ndiyo siku ya ushamba mkubwa. Masanduku mtayatoa nje jioni, na hamtayaona tena mpaka nchi kavu. Mshamba hufungasha kila kitu, asubuhi akashuka na nguo za kulalia. Kila safari namwona mmoja! Acheni nje nguo za kesho na viatu. Mimi viatu vyangu naviweka mlangoni kabla hata sijafungua sanduku."

"Rudisha nyuma," Inspekta alisema. "Hapo. Simamisha."

Mtu wa safu ya tatu alikuwa amegeuka, uso umeielekea kamera. Kinyozi.

"Mtu anahubiri viatu namna hii," Inspekta alisema polepole, "halafu afungashe vyake? Huyu amefungashiwa, Sajenti, akiwa tayari maiti. Na aliyemfungashia ni mgeni wa meli, tena hotuba hakuisikia mpaka mwisho. Mkewe umemwona. Amevaa nini miguuni?"

"Viatu vya kamba."

"Na nani humu asubuhi hii hana viatu?"

Sajenti akaguna. "Ndara."

"Kimbia forodhani. Fungua masanduku ya marehemu. Tafuta mto."

Aliporudi alikuwa anahema, mfuko wa ushahidi mkononi. Mto ulikuwa umeviringishwa ndani ya shati, na foronya yake ina doa la damu na mate. Kwenye kufuli la sanduku mafundi wa polisi walikuwa wameshapata alama za vidole.

Inspekta aliuficha mfuko nyuma ya mgongo, akarudi chumbani kwa mke wa marehemu na kumwita kinyozi ndani. Mwanamke alikuwa bado kwenye kiti, pingu mkononi.

"Vaa viatu, tunashuka."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Upesi."

"Viatu..." Kinyozi alitazama ndara zake. "Viko kwenye sanduku."

"Vaa nguo basi."

"Zote nimefungasha."

"Na za shemeji yako?"

Inspekta aliutupa ule mfuko juu ya meza.

"Uliondoka ukumbini mapema mno. Ungevumilia kidogo tu ungesikia habari ya viatu. Alama za vidole tutalinganisha, lakini mimi na wewe tunajua zitasema nini."

Kinyozi aliutazama mto. Mabega yakamshuka.

"Mfungueni mdogo wangu."

"Sema kwanza."

"Mwaka jana shemeji alimchukua mama kwenye safari kama hii. Tuliambiwa amekufa ghafla usingizini." Alitoa simu mfukoni mwa koti, akabonyeza. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka, imechoka, lakini ina tabasamu ndani yake:

"Mwanangu, kifua kinanibana. Mkwe kasema nisimsumbue daktari, watatushusha sote na hotuba zake ziharibike. Kanipa kidonge cha gesi. Usiwe na wasiwasi, baba. Bahari nzuri kweli."

"Hakuongea tena," kinyozi alisema. "Nilimvumilia yule mtu kwa ajili ya ndoa ya mdogo wangu. Jana nimekaa mle ukumbini, naye akayasema yaleyale, na watu wakacheka. Kifo cha mama yangu kakifanya ushauri! Nikamfuata chumbani. Alishavaa za kulalia, apumzike kabla ya kula. Kanifungulia, kajitupa kitandani, kasema kuelimisha watu kunachosha. Nikamuuliza habari ya mama. Kasema, 'Alikuwa mtu mzima, shemeji, na safari aliifurahia.' Nikachukua mto."

"Na kibao?"

"Mimi. Na masanduku nikayatoa mimi, aonekane mzima."

"Na huyu ukamwachia pingu."

"Nilikuja kumtetea!"

"Ulikuja kupiga kelele. Kusema hukusema."

Sajenti alimfungua mwanamke, akamgeukia kaka mtu na pingu zilezile. Mwanamke alisimama akijisugua mikono. Hakuitazama maiti ya mumewe ikipitishwa ujiani kwenye machela. Alimtazama kaka yake, kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara.

"Sauti hiyo umekaa nayo mwaka mzima?"

"Ningekwambia ungeumia."

"Ukaniacha nimpikie. Nimpigie pasi. Nimpangie masanduku yake nchi hadi nchi, mtu aliyemuua mama."

"Ungenizuia, mdogo wangu."

"Nikuzuie?" Alicheka, kicheko kikavu kilichomfanya Sajenti aache kuandika. Akaokota mkoba wake kwenye kiti.

"Ungeniambia, Kaka, ningefungasha mimi," alisema. "Viatu vyake ningeviacha mlangoni."