Chuma Kilichoacha Kung'aa

Kila alasiri, baada ya masomo, Munira alimpelekea baba yake uji. Mzee Msafiri alikuwa mhunzi wa majembe hapo Chemba, na Munira alipenda kutazama chuma kikibadilika rangi motoni.

Siku hiyo alifuatana na rafiki yake, Lea. Walikuwa bado wanazungumzia somo la Mwalimu Optatus kuhusu nyota. Nyota nyekundu ina joto dogo kuliko nyeupe, na ya buluu huzishinda zote. Hata hivyo, nyekundu iliyo kubwa mno yaweza kutoa mwanga mwingi kuliko ndogo yenye joto kali.

"Mimi hayo nayaona hapa kila siku," Munira alijigamba.

Baba alipotoka kuzungumza na mteja, Munira alichukua koleo, akatoa kipande cha chuma motoni. Kilikuwa cheupe, kikawa cha manjano, kikawa chekundu. Mwishowe wekundu ukatoweka.

"Umeona? Rangi imekwisha, joto limekwisha. Shika!"

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Si umesikia somo?"

Lea akashika. Ukelele wake ulisikika hadi barabarani.

Msafiri aliingia mbio. "Nani kampa chuma?"

Munira aliweka koleo chini. "Kashika mwenyewe, baba. Nilimkataza."

Lea alilia tu, hakuweza kusema. Baadaye aliposema, hakuna aliyemsadiki. Mama yake, Anyesi, alimgombeza kwa utundu hata alipokuwa akimfunga bandeji. Kidonda kikatunga usaha, Lea akalazwa. Darasani nafasi yake ikabaki tupu, na Munira akawa hali wala halali vizuri.

Aliposikia kwamba vidole viwili vya Lea havitanyooka tena, uvumilivu ulimwishia. Alimfuata baba yake, akasema yote huku akilia. Msafiri aliweka nyundo chini. Hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda nyumbani kwa kina Lea, aliyekuwa ametoka hospitali. Huko walimkuta Mwalimu Optatus amekuja kumjulia hali mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mama," Munira alisema. "Lea hakudanganya. Mimi ndiye niliyempa chuma."

Mama Lea alijifunika uso kwa kanga. "Nami nilimsema mtoto wangu kila siku! Nisamehe, Lea mwanangu."

Lea aligeukia ukutani. Aliwapa mgongo mama yake na Munira.

Mwalimu akasema, "Munira, chuma chenye moto hutoa pia mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kutouona si kwamba haupo. Ulijua nusu ya somo, ukamwamuru mwenzako kama uliyejua lote. Huo ulikuwa ujinga, na ujinga huondoka kwa kufundishwa. Lakini uongo wako ulimwacha mgonjwa aumie peke yake huku akiitwa mkaidi. Kidonda cha mkono daktari amekifunga. Hicho kingine utakitibu wewe, kwa kusema kweli mbele ya kila uliyemdanganya, hata kama Lea hatakusemesha tena."