Diski Isiyoagwa

Mfuniko wa sufuria ulitetemeka gizani, tik tik tik, uji ukitafuta pa kutokea. Alfajiri, na stima imepotea tena mjini Embu. Celina aliusikiliza akiwa amefumba macho kwenye kigoda, mwiko mkononi. Mchana alikuwa karani, jioni mwanafunzi wa kompyuta, na saa zote mama wa Igoki, wa miaka minne. Uchovu huo aliuzoea. Asichokizoea ni wiki tatu bila neno la Kithinji.

Walikutana mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na tisa, sokoni, penye mitumba, Celina akimpimia mtoto sweta jekundu. Kijana mrefu wa shati la drafti akamgonga kwa kioo cha kompyuta alichokikumbatia kama ndama.

"Pole, dada. Sikukuona."

"Utaonaje, na umebeba televisheni?"

"Ni kompyuta. Napeleka chuoni, kwa wale wa masomo ya jioni."

"Basi polepole. Usiivunje kabla sijajifunza."

Alikuwa fundi kutoka Meru. Mashine za chuo zilikuwa kuukuu, naye akazitia Linux, mfumo usiofanana na ule wa maofisini. Jioni ya kwanza Celina alikaa mbele ya yake kama mgeni kwa mama mkwe. Ikamuuliza jina, ikamuuliza neno la siri, ndipo ikamfungulia. Akatafuta herufi A ya diski, akatafuta C ya mashine yenyewe, kama kwenye kompyuta ya kazini. Hazikuwapo.

"Hii imenishinda, Kithinji."

"Haijakushinda. Ina adabu zake tu. Hata diski huchomoi hivi hivi. Unaiaga kwanza, unabofya hapa, taa ikizima ndiyo unaitoa."

"Nyinyi Wameru, hata kompyuta yenu ina masharti kama ya posa."

"Na ya posa nitayatimiza, mama Igoki, ukiniruhusu."

Alicheka. Kufikia Agosti hakuwa anacheka tena; alikuwa anapenda.

Kithinji akarudi Meru, akapanga chumba mtaa wa Majengo, akafungua karakana. Alimwachia diski, na ndani yake barua: *Nataka tuoane. Njoo Meru, wewe na Igoki. Nijibu humu humu, nione umejifunza. Kama hutaki, nirudishie bila jibu, nami sitakusumbua.*

Celina alijibu darasani, akitamka kila neno aliloandika kwa sauti ndogo kama ilivyo kawaida yake, Igoki amemkalia mapajani. Mlinzi akatikisa funguo mlangoni. Mtoto anasinzia. Celina akahifadhi, akachomoa diski, mashine ikazimwa, akambeba mwanawe mgongoni. Kesho yake akaituma.

Sasa, Jumamosi hiyo, baada ya kazi, alisimama kwenye kibanda cha simu, Igoki kando yake, rinda lake la bluu limekunjamana, watu wamepanga foleni nyuma yake. Simu ya karibu na Kithinji ilikuwa buchani kwa mzee Sulemani. Alingoja Kithinji aitwe, akisikia shoka likikata mifupa.

"Halo."

"Kithinji, kama umebadili nia ungeniambia. Sina nguvu za kungojangoja."

"Mimi? Ulinirudishia diski bila jibu, Celina. Nikaheshimu."

"Bila jibu? Niliandika ukurasa mzima."

Shoka. Kisha, taratibu, "Uliiaga?"

Celina akafumba macho. Aliona mkono wake, na ile taa ndogo ya kijani ikiwaka bado.

"Niliichomoa tu. Kama ya kazini."

"Basi maneno yalikuwa bado kwenye mashine. Ilipozimwa, yakaenda." Akashusha pumzi. "Na mimi, fundi mzima, sikulifikiria hilo. Niliona barua yangu peke yake, moyo ukaniambia nimekataliwa, nikauamini."

"Wiki tatu, Kithinji."

"Wiki tatu, mpenzi. Hata nyama ya mzee Sulemani hainipiti kooni. Uliandika nini?"

Akafungua kinywa. Uchovu wote wa mwaka ukamjia machoni. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Igoki, katika sweta lake jekundu, aliutazama uso wa mama yake, akanyoosha mikono miwili, akapewa simu.

"Mama aliandika ndiyo."