Neno Alilolimeza Carelle

Kila akitoka shule, Carelle aliwasha mbabula, jiko lao la makaa, akaosha mchele na kuubandika. Maji yakikaribia kukauka, alitandaza sashe, yaani mfuko laini wa plastiki, juu ya wali, kisha akafunika. Mvuke haukupata pa kutokea! Wali uliiva upesi na makaa yakabaki. Nyumba nyingi za Dzaleka, kambi yao ya wakimbizi nchini Malawi, hupika hivyo, lakini nani wa kumshinda Carelle? Hata Bibi Maombi, kiongozi wa akina mama wa kanisani, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema, “Wali wa huyu mtoto ni kiboko!”

Siku hizo furaha ilikuwa imejaa nyumbani. Mama yake, Orpa, alikuwa mjamzito baada ya kungoja miaka mingi. Ijumaa walikwenda hospitali huko Likuni, Lilongwe, kupiga picha ya mtoto tumboni. Carelle alikwenda kuwa mkalimani, kwa kuwa mama yake hakujua Kichewa, naye alikijua barabara kwa kusoma na kucheza na watoto wa Kimalawi.

“Yule pale! Mama, anapunga mkono!” Carelle alipiga kelele mbele ya kioo cha mashine. Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Kisha muuguzi akaanza kutoa mashauri. Alisema mama apunguze mafuta ya kujipaka yenye manukato makali. Carelle akafasiri. Muuguzi akaendelea, “Tena msipike wala kupasha chakula ndani ya plastiki. Plastiki ikipata moto, kemikali zake huweza kuingia chakulani. Nyingine huvuruga homoni, zile zinazouelekeza mwili wa mtoto namna ya kukua. Msiogope kwa yaliyopita. Punguzeni kuanzia leo.”

Carelle alihisi masikio yanawaka. Sashe yake! Na kesho akina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kumpongeza mama, naye ameshaahidi kuwapikia wali sufuria kubwa. Bila sashe angeupikaje?

“Amesema nini?” mama aliuliza.

“Amesema... ule mboga, upumzike.”

“Zikomo, zikomo sana!” mama alimshukuru muuguzi.

Walipofika nyumbani, mama alichukua kopo lake la mafuta ya kunukia, yale aliyoyapenda kuliko yote, akalitupa bila kusita. “Muuguzi amesema,” alieleza. Carelle alimtazama, moyo ukamuuma. Mama alikuwa tayari kuacha chochote kwa ajili ya mtoto, ilimradi aambiwe tu.

Kesho yake ua ulijaa nyimbo na vigelegele. Carelle alifunua sufuria, akabandua sashe iliyolegea kwa joto, akapakua. Bibi Maombi alichukua sahani ya kwanza, akampa mama. Mama akamega tonge.

“Mama, usile!”

Nyimbo zilikatika. Wote walimgeukia Carelle. Akasema yote: plastiki, moto, homoni, na neno alilolimeza Likuni. “Niliogopa wali wangu utaharibika,” alimaliza akilia.

Bibi Maombi alishika kiuno. “Haya! Na sisi wote njo tunapika hivyo!” Carelle alingoja kukaripiwa. Badala yake bibi aliinamia sufuria, akaitazama ile sashe kwa muda. “Kwetu Fizi, kule Kongo, tulikuwa tunafunika na majani ya ndizi. Sashe tumeizoea kwa sababu iko karibu. Asani! Leta baiskeli yako!”

Asani, kijana wa kabaza, yaani baiskeli ya kubeba abiria, alikanyaga mbio hadi shamba la jirani Mmalawi, akarudi na majani mabichi yakipepea nyuma ya baiskeli. Akina mama walishangilia! Wengine walichochea makaa, wengine waliosha majani, na Carelle akabandika mchele mwingine. Ulichelewa kidogo kuiva, ndiyo, lakini ulipofunuliwa harufu yake iliwafanya wote wasogee.

“Huu sasa ni kiboko cha viboko!” Bibi Maombi alitangaza huku mashavu yamejaa.

Mama alimvuta Carelle akae karibu naye, akauweka mkono wake juu ya tumbo. Mtoto alipiga teke. Carelle akaruka kwa furaha.

“Umesikia?” mama alisema. “Mwanangu, kule Likuni mi sina masikio mengine, masikio yangu ni yako. Wali ukiharibika tutapika mwingine. Lakini neno la kweli ukilificha, anayeumia ni huyu ambaye hawezi hata kuuliza. Siku nyingine niambie yote, hata lile linalokuchoma.”

“Nitakwambia yote, mama.”

“Basi nipakulie,” mama alisema. “Tunakula wawili.”