Mwenye Kambi ya Miamba

"Nani huyo ananing'inia juu ya kichwa changu?"

Sauti ilitoka chini. Mimi nilikuwa nimeshapanda mita kumi na tano, tumbo limeganda kwenye jiwe, mguu mmoja kwenye ufa, mkono unatafuta mahali pa kufungia kamba ya wageni. Nikachungulia. Chini ya mwamba alisimama mama wa makamo, kitenge kipya, kilemba cheupe. Pembeni yake alikuwepo mchumba wangu Machibya, shati amelichomekea vizuri, jasho linamtiririka.

Nikajua hapo hapo. Huyo ndiye Mama Teodora, mama yake, mkwe wangu mtarajiwa kutoka Magu. Tulikuwa tunamtegemea Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Machibya, si nakuuliza? Ni nani yule? Mwanamke, tena na suruali?"

"Ni... ni mfanyakazi, mama."

"Mfanyakazi?"

"Ndiyo. Anawafungia wazungu kamba. Modesta ameenda mjini kununua mchele."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, vyote viwili kwa pamoja. Kwetu Usukumani mkwe unampisha njia, hukai naye kiti kimoja, ukimsalimia unapiga magoti. Kumkalia juu ya kichwa ni tusi hata kama hukukusudia. Kwa hiyo uongo huo wa kwanza nilimwelewa. Aliogopa, akaniokoa kwa namna yake ya kijinga.

Uongo wa pili ndio uliotaka kuniangusha kwenye mwamba.

"Haya, mwanangu," mama yake akasema, uso umechangamka. "Kambi nzuri kweli. Kibao nimesomewa na kondakta pale barabarani. Kambi ya Machibya! Nikawaambia watu wote ndani ya basi, huyo ni wa tumboni mwangu."

Kambi ya Machibya? Kibao changu kiliandikwa Kambi ya Miamba, nilikipaka rangi kwa mkono wangu.

"Ulrike!" nikamwita Mjerumani aliyekuwa ameshika kamba yangu kule chini. "Nishushe!"

Akanishusha taratibu. Miguu ilipogusa ardhi sikufungua hata mkanda wa kupandia. Nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga, vyuma vinagongana kiunoni.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Karibu sana. Mimi ndiye Modesta. Mjini sikwenda."

Mama Teodora alitazama vyuma, kisha uso wangu. Akamgeukia mwanawe.

"Kwa hiyo mke unayetaka kumuoa ndiye huyu aliyekuwa juu ya kichwa changu?"

"Ndiye, mama."

"Na kambi ni ya nani?"

Nikamtazama Machibya. Nikamwomba kwa macho. Neno moja tu.

"Ni yangu, mama," akasema.

Ningeweza kumuumbua. Lakini mtu hagombani na mwanaume wake mbele ya mama mkwe siku ya kwanza, na mimi nimelelewa. Nikauma meno. Mama Teodora hakunywa hata maji. Alipanda basi la saa nane kurudi Magu.

* * *

Ngoja niwaambie kambi hiyo ilitoka wapi, msije mkadhani nilirithi hoteli.

Baba alipofariki, kaka zangu waligawana mashamba ya pamba. Mimi nikapewa mawe. Eneo zima kando ya ziwa, nje kidogo ya barabara ya kwenda Magu, ni miamba mitupu, mikubwa kuliko nyumba, mingine imepandana. Baba mdogo Mashimba alisema, "Mpeni binti, maana hata mbuzi hawashibi pale." Watu wakacheka.

Wakati huo nilikuwa natandika vitanda kwenye gesti moja mjini Mwanza. Mwaka tisini na mbili wakaja Ulrike na wenzake wawili. Walikuwa njiani kwenda mbugani Serengeti, hoteli za kule zimewashinda bei. Wakaniuliza kama najua mahali penye miamba ya kupanda na pa kulala kwa bei nafuu. Nikasema ninapo, ni pangu. Nikaacha kazi wiki hiyo hiyo.

Nilisafisha viwanja vinne vya mahema katikati ya mawe, penye kivuli. Nikachimba choo. Nikanunua mapipa mawili ya maji. Nikamchukua Justa awe mpishi: asubuhi uji na viazi, jioni ugali na sato aliyetoka ziwani siku hiyo. Mgeni analipa elfu moja mia tano kwa usiku, hema aje nalo, na kama hana namkodishia. Hakuna kupigilia msumari kwenye mwamba, hakuna kuwasha moto chini ya jiwe. Ulrike alinifundisha kamba mpaka nikamshinda. Kufika tisini na tano vijana wa Ulaya walikuwa wanaandikiana barua kunihusu.

Machibya alikuwa dereva wa lori la pamba. Chama cha ushirika kilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akaja kwangu kuomba kazi, nikampa pikapu kuukuu awe anawapeleka wageni mbugani. Mwanaume mpole, mcheshi, anajua kuimba akiwa amelala chini ya gari. Nilimpenda kabla hajamaliza mwezi. Nasema wazi, nilimpenda mpaka nikaona aibu.

Sasa huyo ndiye aliyebadilisha kibao changu.

* * *

"Umekipaka lini?" nikamuuliza basi lilipoondoka.

"Alfajiri. Jana jioni nilipata habari kwamba mama anakuja leo. Modesta, nisikilize."

"Nakusikiliza. Sema."

"Mama ananijua mimi ni mtu wa kazi. Nilipopunguzwa sikumwambia. Nikamwambia nimeacha mwenyewe, nimefungua kambi. Miaka miwili sasa kijiji kizima kinajua hivyo. Ningemwambiaje kwamba nakula kwa mwanamke?"

"Unakula mshahara wako! Nani kakupa chakula cha bure hapa?"

"Wewe huelewi. Mwanaume akiulizwa ana nini..."

"Aseme ana kazi. Aseme ana Modesta. Hiyo haitoshi?"

"Ilikuwa ni siku moja tu. Angerudi nyumbani, tungekirudisha kibao."

"Machibya, mimi nilicheka na waliocheka nilipopewa mawe. Nilichimba choo mwenyewe, mikono ikatoka malengelenge. Leo ndiyo siku mama yako amekuja kunitazama, nawe umenivua vyote, ukanifanya mfanyakazi kwenye jasho langu. Tena nikiwa nakusikia."

"Nisamehe."

"Nenda ukamwambie ukweli, ndipo urudi uombe msamaha."

Hakwenda Magu. Alikwenda mjini, Kirumba, akapata kazi ya kuendesha gari la samaki. Justa alimkuta amebeba virago barabarani, akarudi jikoni akiwa amenuna.

"Dada, umemfukuza mwanaume kwa sababu ya ubao?"

"Kwa sababu ya jina langu."

"Jina halikupikii ugali."

"Ugali unanipikia wewe, Justa, na nakulipa kwa jina hilo hilo."

Akageukia masufuria yake. Usiku ule sikulala.

* * *

Baada ya wiki tatu mshenga wao, Mzee Luhaga, alifika nyumbani kwa baba mdogo Mashimba. Nikaitwa. Mzee Luhaga alikunja mguu, akasema maneno ya mama mkwe kama alivyotumwa.

"Mama Teodora amekasirika, lakini mwanawe anakutaka. Amekubali. Mahari wataleta. Masharti yake mawili. Kwanza, uache habari za kupanda mawe, uvae kitenge, ukae jikoni kama wake wengine. Pili, kiwanja kile wazee wakitamke kuwa cha mume, maana kambi ni ya mume tayari."

"Tayari tangu lini?" nikauliza.

Baba mdogo akakohoa. "Modesta, una miaka thelathini na moja. Ng'ombe wanakuja. Kiwanja kikitamkwa cha Machibya, si utaishi pale pale?"

"Baba mdogo, shikamoo yako ninayo, heshima yako ninayo. Lakini siku wakija, kuna swali ambalo mnamuuliza binti mbele ya watu. Bado lipo?"

"Lipo. Ni desturi. Ukisema huwafahamu wageni, posa imevunjika."

"Basi waje Jumamosi. Mimi nitajibu."

Nikarudi kambini nikaandika barua. Kondakta wa basi la mjini aliipeleka Kirumba mkono kwa mkono. Iliandikwa hivi:

"Machibya, Jumamosi nitaitwa mbele ya wazee niulizwe kama nakufahamu. Mimi namfahamu dereva mmoja anayeimba chini ya gari. Yule aliyesema kambi ni yake simfahamu, na nitawaambia hivyo hivyo. Modesta."

Majibu yakaja kesho yake, mistari miwili kwenye karatasi iliyonuka samaki:

"Ukisema hunifahamu mama atakufa kwa aibu. Nikisema ukweli nitakufa mimi. Nakupenda."

Nikaisoma mara nne. Nilitaka sana kumhurumia. Lakini nikiolewa kwa uongo ule, watoto wangu watakuja kuambiwa kambi ni ya baba yao, na mama yao alikuwa anafunga kamba. Sikujibu.

* * *

Jumamosi nilikuwa jikoni kwa baba mdogo pamoja na Justa, shangazi zangu na masufuria. Ukuta ni wa udongo, kila neno la sebuleni linapita. Kwa desturi bwana harusi hukaa karibu na mlango, kichwa chini, mdomo umefungwa. Wasemaji ni wazee. Yeye akisema anaonekana hana adabu, na posa inaweza kuvunjika.

Wageni walikuwa wameshaingia, Machibya na mama yake miongoni mwao. Mzee Luhaga akamaliza salamu, akaanza.

"Sasa tuje kwenye kiwanja. Kwa kuwa kambi ni ya kijana wetu..."

"Si yangu."

Jikoni shangazi akaacha kukoroga. Ilikuwa sauti ya Machibya.

"Kijana!" Mzee Luhaga akafoka. "Bwana harusi haongei!"

"Najua, mzee. Mnisamehe. Kambi ni ya Modesta. Kiwanja ni chake, mahema ni yake, hata pikapu ni yake. Mimi nilipunguzwa ushirika, sikuacha kazi. Yeye ndiye aliyeniajiri. Kibao nilikipaka mimi, alfajiri, kama mwizi. Mama, nilikudanganya miaka miwili. Kama ng'ombe warudi Magu, warudi."

Justa akanishika bega. Nikasikia kiti kinasogezwa, halafu sauti ya Mama Teodora, ya chini.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliona aibu, mama. Kula kwa mwanamke."

"Wewe umekula kwa mwanamke maisha yako yote."

"Mama..."

"Nyamaza, ulishasema. Shamba la pamba la Magu nani alilima? Baba yako alikuwa kwenye pombe. Nililima mimi, miaka ishirini na mbili, tangu wewe ukiwa mgongoni. Pamba ikifika kwenye mizani, karani anaandika jina la baba yako, na malipo anachukua yeye. Siku aliyofariki, shemeji zangu wakaja wakasema shamba ni la marehemu kaka yao. Wakalichukua. Sikuwa na hata mstari mmoja kwenye kitabu chao. Nawe, mwanangu niliyekubeba, umekwenda kumfanyia mtoto wa watu vile vile nilivyofanyiwa mimi."

Nikasikia mwanaume analia. Nilimjua hata kilio chake.

"Na mimi nikatuma masharti," akaendelea. "Nikasema kiwanja kiwe cha mume. Mimi! Mzee Luhaga, futa masharti yangu yote mawili."

"Lakini, mama, hata la kupanda mawe?"

"Hata hilo. Wale wazungu wanamlipa nani, wewe?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja jikoni naye akaachia kigelegele kabla ya wakati wake, akazibwa mdomo.

"Mzee Mashimba," Mama Teodora akasema, "mwite binti. Aulizwe. Akimkataa huyu kijana wangu, sitamlaumu."

Nikaitwa. Nilivaa kitenge, si kwa sababu ya sharti la mtu, kilinipendeza tu. Nikaingia, nikapiga magoti katikati ya wazee. Machibya alikuwa karibu na mlango, macho mekundu, anatazama sakafu kama mtu anayengoja hukumu. Nilimtazama. Hasira yote ya mwezi ule niliitafuta, sikuiona. Niliona mwanaume aliyejivua nguo mbele ya ukoo mzima ili mimi nibaki na yangu. Nilijivunia yeye. Kweli kabisa, nilijivunia.

Baba mdogo akarekebisha sauti.

"Modesta, binti ya marehemu kaka yangu. Wageni hawa unawafahamu?"

Nikamtazama Mama Teodora.

"Huyo mama namfahamu. Ni mkulima wa pamba wa Magu, shamba lilikuwa lake."

Mama Teodora akashika mdomo kwa kiganja.

"Na huyo aliyekaa mlangoni?"

"Anaitwa Machibya, dereva wa kambi yangu. Nampenda, nataka anioe. Na Jumatatu asichelewe kazini. Kuna Wajerumani sita wanakwenda mbugani."