Mama Aliyeamini Redio

Kila saa saba mchana, Mama hunyamazisha nyumba nzima. Kitinda mimba wake anasoma habari redioni, na atakayegonga sufuria wakati huo atakiona.

Mchana mmoja, kijana alitaka kunogesha taarifa. Akatia chumvi: "Wahamiaji haramu wamevamia mji wetu!" Akatoka studio kifua mbele.

Alipofika nyumbani, alikuta cherehani nje ya mlango. Fundi, mpangaji wao, alikuwa akifunga vitambaa vyake huku analia.

"Mama, kuna nini?"

"Aondoke leo leo. Si alikuja akikimbia vita kwao? Kumbe ndio hao wavamizi!"

"Fundi si mvamizi! Ameomba hifadhi, anangoja jibu."

"Wewe unajua nini? Redio imesema."

"Redio ni mimi, Mama!"

"Hapa wewe ni mwanangu tu. Jioni nataka chumba changu."

 Kijana akarudi mbio kwa mhariri wake, mama mmoja asiye na haraka.

"Hao waliofika wamefanya nini hasa?" mhariri akauliza.

"Wamejiandikisha. Wanaomba hifadhi."

"Basi waite waomba hifadhi. Mwomba hifadhi anangoja ombi lake liamuliwe. Akikubaliwa, anatambuliwa kuwa mkimbizi, maana kwao hakurudiki kwa usalama. Mhamiaji ni neno pana. Mtu anaweza kuhama kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa."

"Na haramu?"

"Kuomba hifadhi ni haki, si kosa. Binadamu hawi haramu."

"Na wamevamia?"

"Yanayovamia ni majeshi, mwanangu. Hizi ni familia kumi na moja. Sema hivyo."

Jioni akasoma redioni: "Mchana tulikosea. Familia kumi na moja zimefika kuomba hifadhi. Hazikuvamia mji. Zina haki ya kusikilizwa. Tunaomba radhi."

Akaenda nyumbani roho juu. Akakuta cherehani imerudishwa ndani. Mama alikuwa amesimama, Fundi anampima gauni.

"Umesikia habari?" Mama akamdaka. "Fundi wa watu hana kosa! Nimemwangukia, amenisamehe. Redio imeeleza vizuri mno."

"Si nilikuambia mchana?"

"Ulisema wewe. Hii ni redio!"

Fundi akacheka mpaka futi ikamponyoka. Kijana naye akacheka, lakini maneno yale yalimwingia. Tangu hapo hasomi taarifa kabla ya kujiuliza nani atalala nje kwa sababu yake.